Kwa nini dawa ya shoga yako si dawa yako: maswali yenu kuhusu saratani ya matiti

Wiki tatu zilizopita niliandika hapa kuhusu kujipima matiti nyumbani. Ujumbe uliokuja ni mwingi kuliko nilivyotarajia, na wengi hawakuuliza habari za kujipima. Wameshapimwa. Wana karatasi ya majibu mkononi na dawa kabatini, na wana ndugu au jirani mwenye ugonjwa wa jina hilohilo anayetibiwa kwa njia nyingine kabisa. Wanataka kujua sababu.

Kazi yangu ni patholojia. Wagonjwa wenyewe siwaoni mara nyingi. Ninaoonana nao ni vinyama vyao, yaani vipande vidogo vilivyochukuliwa mwilini, chini ya hadubini, kuanzia asubuhi hadi jioni. Basi nawajibu kutokea huko maabara. Maswali nimeyafupisha, na majina nimeyaacha.

"Daktari, shikamoo. Mimi na shoga yangu tuligundulika mwezi mmoja, kliniki moja. Yeye alianzishiwa dripu za kemo, nywele zote zikatoka, ndipo akafanyiwa upasuaji. Mimi nilipasuliwa, nikapigwa mionzi, na sasa nameza kidonge kimoja kwa siku, basi. Watu wananiambia nimepewa dawa ya maskini. Ni kweli?" (Msomaji, Morogoro)

Marahaba, mama. Si kweli, na nakuomba usiache kidonge hicho kwa maneno ya watu.

Tukisema "saratani ya matiti" tumetaja mahali ugonjwa ulipoanzia tu. Bado hatujasema ni ugonjwa gani. Mtu akija na homa, hapewi dawa mpaka ijulikane kama ni malaria, taifodi au mkojo, kwa sababu dawa ya moja haigusi nyingine. Kwenye titi ni hivyohivyo.

Dalili za jambo hili zilionekana zamani. Mwaka 1896 daktari wa Glasgow, George Beatson, alichapisha habari za mwanamke ambaye saratani yake ilikuwa imeenea. Alimtoa ovari, na uvimbe ukanywea. Wenzake waliiga. Kwa kama theluthi ya wanawake ilisaidia, kwa waliobaki haikufaa kitu, na hakuna aliyejua kwa nini. Jibu lilichelewa miaka zaidi ya 60, mpaka Elwood Jensen wa Chicago alipoonyesha kuwa seli huwa na vipokezi vya homoni ya estrojeni, na kwamba uvimbe mwingine unavyo na mwingine hauna. Kisha mwaka 2000 Charles Perou na wenzake wa Stanford wakasoma maelfu ya jeni kwenye uvimbe wa watu 42, wakakuta unajigawa wenyewe katika makundi yanayotofautiana kama koo mbalimbali.

Tazama boksi la kidonge chako. Nadhani utakuta tamoksifeni, au kama hedhi imeshakoma, letrozoli au anastrozoli. Mchukulie kifaranga aliyeachama. Mdomo wake ndio kipokezi, na estrojeni ndiyo punje. Tamoksifeni inakaa mdomoni, punje haipiti. Letrozoli inafanya kazi nyingine: inazuia mwili usitengeneze punje zenyewe. Uvimbe wako, nina hakika, ulikutwa una midomo hiyo. Wa shoga yako huenda hauna, na ungempa kidonge chako mwaka mzima usingetikisika. Au unayo, lakini ulikuwa mkubwa na umeshafika kwenye mitoki ya kwapani. Wenye uvimbe usio na vipokezi, au wenye HER2 nitakayoieleza chini, mara nyingi huanza na kemo kabla ya kisu, ili daktari aone kwa macho kama uvimbe unayeyuka.

Kwa mwenye vipokezi, miaka mitano ya tamoksifeni hupunguza vifo vya ugonjwa huu kwa kama theluthi moja. Bei yake ni ndogo kwa sababu ni dawa ya zamani, ilianza kutumika Uingereza 1973 na Marekani 1977. Nguvu yake haijapungua. Jambo moja tu nakusisitizia: ugonjwa wa aina yako una subira. Wa aina isiyo na vipokezi, ukirudi, hurudi zaidi ndani ya miaka mitatu hadi mitano ya mwanzo. Wako unaweza kukaa kimya miaka 10, 15, hata 20, ndipo ukaibuka. Ndiyo maana unaambiwa umeze miaka mitano, na wengine kumi, hata kama unajisikia mzima wa afya. Ukipata joto la ghafla usiku au viungo vikikuuma, rudi kliniki wakubadilishie, usikae nyumbani umeacha. Na kama bado unapata hedhi, usishike mimba ukiwa unaimeza tamoksifeni.

"Karatasi yangu imeandikwa: ER 90%, PR 20%, HER2 2+, Ki-67 30%. Nesi alisema niko vizuri. Mdogo wangu alitafuta kwenye simu akaanza kulia. Nani yuko sahihi?" (Msomaji, Tanga)

Hakuna hata mmoja anayeweza kuwa na hakika bado, na nitakuonyesha ni wapi pamebaki pengo.

Kinyama chako kikifika kwangu hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa kipande chembamba kuliko unywele zaidi ya mara kumi. Kipande hicho kinamwagiwa dawa inayogeuka kahawia pale tu inapokutana na kitu tunachokitafuta. Nikitafuta ER, yaani kipokezi cha estrojeni, natazama viini vya seli. Kwako, kati ya kila seli 100 za saratani, viini 90 vilikuwa kahawia kama buni iliyokaangwa. PR ni kipokezi cha projesteroni, na seli 20 zilikuwa nacho. Ki-67 inahesabu seli zilizokuwa mbioni kugawanyika, kwako 30 kati ya 100, si polepole sana, wala si kasi ya kutisha. Namba hiyo peke yake haiamui tiba.

HER2, protini inayoisukuma seli ikue na kugawanyika, haikai kwenye kiini, inakaa kwenye utando wa nje wa seli. Ikiwa nyingi, naona wavu wa kahawia nzito unaozunguka kila seli, na hapo naandika 3+. Nisipoona kitu, au nikiona vumbi tu, naandika 0 au 1+. Kwako, aliyekisoma kinyama aliona wavu, lakini mwembamba, wa rangi hafifu. Hiyo ni 2+, na maana yake ni "sijui, pimeni zaidi". Kuna kipimo cha pili kinachohesabu nakala za jeni ya HER2 ndani ya seli. Mpaka kifanyike, hakuna anayeweza kukuambia una HER2 au huna, na dawa zinatofautiana kabisa. Rudi ukaulize kipimo hicho kimetumwa wapi. Usikubali kuambiwa kwamba 2+ ni chanya ndogo.

Nitaongeza jambo ambalo karatasi hailisemi. Mwenye ER 3% na mwenye 95% mara nyingi wote wanaandikiwa "chanya", kwa sababu mpaka uliokubaliwa ni 1%. Lakini yule wa 3%, ugonjwa wake mara nyingi huenda kama wa asiye na vipokezi kabisa. Kwa hiyo tunza namba, usitunze neno peke yake. Piga picha karatasi yote.

"Mke wangu alichukuliwa kinyama hospitali moja, majibu yakasema hana vipokezi vyovyote. Hospitali ya rufaa wakarudia, wakasema ER ipo 70%. Nani amekosea? Nimekata tamaa na maabara zote." (Mume, Mbeya)

Ndugu yangu, pole sana. Kuna maelezo mawili, na yote nimeyaona kwa macho yangu.

La kwanza ni kwamba kinyama kiliharibika njiani. Tangu nyama inapotoka mwilini, vipokezi vinaanza kuvunjika. Inatakiwa iingie kwenye fomalini ya 10%, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ndani ya saa moja, fomalini iwe nyingi angalau mara kumi ya nyama yenyewe, na ikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya 72. Fomalini hupenya taratibu, kama milimita moja kwa saa. Titi zima likitumbukizwa kwenye ndoo bila kupasuliwa, nje litahifadhika, na ndani, ambako ndiko uvimbe ulipo, litaoza.

Niliwahi kuletewa kopo la asali. Lebo yenye picha ya nyuki ilikuwa bado imebandikwa. Ndani kinyama kilikuwa kinaelea kwenye maji ya dripu, kimesafiri kwa basi siku mbili, na maji yameshakuwa na ukungu. Harufu ilinifikia kabla sijamaliza kufungua kifuniko. Sitaji kilikotoka. Aliyekifunga hakuwa na fomalini siku hiyo, na alifanya alichoweza. Nilikipima hivyohivyo. ER ikawa sifuri. Lakini pembeni mwa saratani huwa kuna vijimifereji vya maziwa vya kawaida, vizima, na hivyo lazima viwe na seli chache za kahawia kwa kila mwanamke. Vya mama yule vilikuwa vyeupe pe. Kipimo kilichoshindwa kuona kilichopo hakiwezi kuaminiwa kinaposema hakuna. Niliandika kwamba haiwezekani kutathmini, achukuliwe upya. Alilalamika, na alikuwa na haki, maana nauli ilikuwa imemwishia. Kinyama cha pili kilihifadhiwa vizuri, ER ikatoka zaidi ya 80%. Ningeandika "hasi" siku ile, asingepewa kidonge maisha yake yote.

Maelezo ya pili ni kwamba uvimbe wenyewe haufanani pande zote. Sindano ya kinyama inatoa kipande kama tambi iliyopikwa, chenye urefu wa sentimita moja au mbili. Uvimbe unaweza kuwa na ukubwa wa limau. Kona moja ina vipokezi vingi, kona nyingine vichache, na sindano haijui imeingia wapi. Ndiyo sababu tunaomba zichukuliwe tambi kadhaa, kutoka sehemu tofauti.

Kwa mke wako, majibu yenye rangi ndiyo ningeyaamini zaidi, kwa kuwa kuoza hufuta rangi na mara chache sana huiumba. Lakini usiishie hapo. Vipande vya nta vya hospitali zote mbili vinahifadhiwa. Omba vyote viwili visomwe na mtu mmoja, kwa siku moja. Ni haki yenu.

"Nilipiga mamografi, nikaambiwa safi. Miezi minne baadaye titi limekuwa gumu upande mmoja, wala sishiki goroli yoyote. Kinyama kimesema saratani ya lobula. Walinidanganya?" (Msomaji, Zanzibar)

Hawakukudanganya, bibi. Aina yako, inayopewa jina la vijitezi vinavyotengeneza maziwa, ni kama moja katika kila kumi, au zaidi kidogo. Seli za kawaida hushikana kwa protini inayofanya kazi ya gundi. Seli zako zimeipoteza gundi hiyo. Chini ya hadubini naziona zikitembea msururu, moja nyuma ya moja kama siafu, zikipita katikati ya mafuta na nyuzi za titi bila kujikusanya. Hakuna donge, basi hata picha haina cha kuonyesha. Mwambie daktari wako kama unaweza kupata picha ya MRI kabla ya upasuaji, ili ijulikane siafu wamefika wapi. Habari njema ni kwamba nyingi za aina hii zina vipokezi vya estrojeni. Na kwa miaka ijayo kumbuka kuwa ikisambaa hupenda kwenda hata tumboni, kwenye utumbo na ovari. Tumbo likijaa gesi wiki hadi wiki, usitibiwe vidonda vya tumbo mwaka mzima bila kumkumbusha daktari historia yako.

"Nanyonyesha mtoto wa miezi mitano. Titi limevimba, jekundu, lina moto. Nimemaliza antibayotiki mara mbili, halijapungua. Wanasema ni jipu." (Msomaji, Lindi)

Nenda wiki hii hospitali yenye ultrasaundi, mwanangu, usianze dozi ya tatu. Mara nyingi kweli huwa ni jipu, na litatolewa usaha uendelee kunyonyesha. Lakini kuna saratani adimu ya titi inayokuja hivyohivyo, bila donge, na ngozi hutuna kama ganda la chungwa. Inakwenda mbio. Waambie wazi: "Nimemaliza dozi mbili, naomba kinyama cha ngozi." Neno hilo ndilo litakalofungua mlango.

"Nimeambiwa nichukuliwe kinyama, lakini mama mkwe anasema saratani ikiguswa na chuma inasambaa. Si bora waanze dawa moja kwa moja?" (Msomaji, Arusha)

Dawa ipi, dada? Hapo ndipo lilipo tatizo lote. Bila kinyama, daktari anafumba macho na kuchagua. Wanawake wengi waliochomwa wamefuatiliwa kwa miaka, na sindano haikufupisha maisha yao. Mama mkwe ameona watu waliochomwa sindano wakafa, nami nimeona fomu zao: uvimbe ulikuwa umeshafika mbali kabla ya sindano. Msalimie, na umwombe akusindikize.

"Mamangu alitibiwa 2014, akameza tamoksifeni miaka mitano, tukamshukuru Mungu. Mwaka huu mgongo ulimuuma, picha zikaonyesha madoa kwenye mifupa na ini. Sasa daktari ataka kinyama tena. Si wajua tayari ni saratani ya matiti? Ya nini kumtesa mtu mzima?" (Msomaji, Mombasa)

Pole sana, wewe na mama. Daktari huyo anafanya vizuri, na nitakueleza kwa kirefu kwa sababu hili ndilo linalotushinda zaidi katika ugonjwa huu.

Wafugaji wanalijua. Ukiogesha ng'ombe kwa dawa ileile ya kupe miaka na miaka, unaua kupe wanaouawa na dawa hiyo. Wachache waliozaliwa na ugumu wao wanabaki, wanazaana, na siku moja josho halifui dafu. Peter Nowell, mpatholojia wa Philadelphia, alieleza mwaka 1976 kwamba saratani inakwenda vivyo hivyo: inaanza na seli moja, lakini wajukuu wake hawafanani, na kila tiba inachuja. Rudi kwenye karatasi ya msomaji wa Tanga. Seli 90 zilikuwa kahawia. Zile kumi ambazo hazikuwa na rangi ndizo zinazoninyima usingizi.

Mambo matatu yanaweza kuwa yametokea kwa mama. Huenda zilizobaki ni zisizo na vipokezi. Kati ya wagonjwa ambao ugonjwa umerudi, kama mmoja kati ya watano hukutwa hali ya ER imebadilika, na HER2 hubadilika pia ingawa kwa wachache zaidi. Au kipokezi bado kipo, ila kimebadilika umbo: mdomo wa kifaranga unabaki wazi na kumeza hata bila punje. Hilo tunaliona zaidi kwa waliotumia letrozoli na ndugu zake, na likitokea, kuzuia punje hakusaidii tena. Au hakuna kilichobadilika, na hapo ni faraja, kwa sababu yapo matibabu ya homoni ya kupanga moja baada ya jingine, na watu huishi nayo miaka.

Lipo la nne ambalo watu hulisahau. Madoa kwenye uti wa mgongo huku kwetu yanaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Nimewahi kusoma kinyama kilichotumwa kama saratani iliyorudi, nikakuta kifua kikuu kitupu. Mgonjwa angepewa kemo juu ya kifua kikuu.

Kama ini lina doa linalofikika salama, waombe wachukue hapo kuliko kwenye mfupa. Mfupa lazima ulainishwe kwa asidi kabla sijaukata, na asidi hiyo huharibu vipokezi na jeni tunazozitafuta. Na kipande cha nta cha 2014, kama hospitali bado inacho, kiende pamoja na kipya.

"Nasoma mtandaoni kwamba sisi Waafrika tunapata aina mbaya zaidi, hasi tatu. Ni damu yetu?" (Kijana, Kigoma)

Hasi tatu maana yake haina ER, haina PR, haina HER2, kwa hiyo kidonge cha homoni hakifai na sindano inayolenga HER2 haifai. Swali lako ni zuri, na jibu lake limevurugwa na watu wengi.

Afrika si ukoo mmoja. Watafiti waliolinganisha wanawake wa Ghana na wa Ethiopia walikuta Ghana zaidi ya nusu wana hasi tatu, na Ethiopia kama 15 kati ya 100, sawasawa na wanawake weupe wa Marekani waliokuwa kwenye ulinganisho uleule. Wamarekani weusi, ambao asili yao wengi ni Afrika Magharibi, walikuwa katikati, kama 30. Kwa hiyo asili ina nafasi yake, lakini haifuati rangi ya ngozi. Kenya kulikuwa na utafiti uliochapishwa 2014, wa hospitali mbalimbali, ambao ulisimamia kwa makini namna vinyama vinavyohifadhiwa. Karibu robo tatu walikuwa na kipokezi cha estrojeni, na hasi tatu kama mmoja kati ya watano. Ndiyo maana namba za zamani za Afrika nazisoma kwa tahadhari. Nakumbuka kopo la asali, najiuliza ni "hasi" ngapi zilizoandikwa zilikuwa kuoza tu.

Umri nao unachangia. Kusini mwa Sahara karibu nusu ya wagonjwa wana chini ya miaka 50, na hasi tatu hupenda vijana. Pia kuna familia zenye hitilafu kwenye jeni ya BRCA1, ambayo Mary-Claire King aliionyesha ilipo, kwenye kromosomu ya 17, mwaka 1990. Wenye hitilafu hiyo wakipata saratani ya titi, mara nyingi huwa hasi tatu. Kama kwenu mama, shangazi au dada aliugua titi au ovari akiwa kijana, liseme hilo kliniki bila kuulizwa.

Nakusihi usilitumie neno "mbaya" mbele ya mgonjwa. Hasi tatu nyingi huyeyuka kwa kemo, na wale ambao uvimbe umetoweka kabisa kabla ya upasuaji wengi wao huenda vizuri. Kinachonitisha zaidi kwenye fomu ninazopokea ni mstari wa ukubwa: sentimita 8, sentimita 11, umepasuka ngozi. Hayo hayaandikwi na damu. Yanaandikwa na nauli, rufaa, maombi ya wiki sita kwa mganga, na daktari wa kwanza aliyesema "wewe bado mdogo, hii si kitu".

"Mimi ni mwanamume, miaka 58. Chuchu ya kushoto imeingia ndani na kuna kitu kigumu nyuma yake. Naona aibu kwenda kliniki ya akina mama." (Msomaji, Dodoma)

Nenda, kaka. Ni wachache, hawafiki mmoja katika kila wagonjwa mia, lakini ninawapokea. Karibu wote wana vipokezi vya estrojeni na wanatibiwa kwa kidonge kilekile cha tamoksifeni. Likithibitika, waambie na binti zako, kwa sababu kwa wanaume jeni ya ukoo, hasa BRCA2, huhusika zaidi.

"Dada yetu ana saratani ya matiti. Mtu ametuambia kuna sindano inaitwa Herceptin inaponya kabisa, naye anaweza kutuletea. Tumekubaliana tuuze shamba la kokoa la marehemu baba. Tununue dozi ngapi?" (Kaka mtu, Kyela)

Subirini kwanza, ndugu zangu. Hamkuniambia HER2 ya dada ni ngapi, na bila namba hiyo siwezi kuwajibu, wala huyo mtu wenu hawezi.

Herceptin, ambayo jina la dawa yenyewe ni trastuzumabu, ilitengenezwa kushika HER2 na si kitu kingine. Dennis Slamon wa Los Angeles alionyesha mwaka 1987 kwamba wanawake wenye jeni hiyo kwa wingi walikuwa wanakufa mapema zaidi. Mwaka 1998 dawa ikaruhusiwa Marekani, na aina iliyokuwa inaogopwa ikawa miongoni mwa zinazotibika vizuri zaidi. Nimeona uvimbe wa 3+ ukitoweka mpaka nikatafuta seli moja ya saratani kwenye titi lililokatwa nikaikosa. Lakini wenye HER2 kwa wingi ni kama 15 hadi 20 kati ya 100. Kwa waliobaki sindano hiyo haitasaidia, na inaweza kuudhoofisha moyo. Mwaka 2022 ilitoka habari ya dawa mpya inayobeba kemo mgongoni mwa trastuzumabu, inayosaidia hata baadhi ya wenye 1+ na 2+ ambao ugonjwa umesambaa. Hiyo ni nyingine, na bei yake iko mbali zaidi.

Kama dada ni 3+, au 2+ iliyothibitishwa kwa kipimo cha jeni, dawa inamstahili, na hutolewa kila wiki tatu kwa karibu mwaka mzima, pamoja na kemo. Moyo hupimwa kabla ya kuanza na kila miezi mitatu. Lazima ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi kwenye mshipa, kwa hiyo iliyobebwa kwenye begi la mtu msiipokee hata bure. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu 2015, na Desemba 2019 likathibitisha ubora wa inayofanana nayo kutoka kwa mtengenezaji mwingine. Ulizeni hiyo kwenye famasia ya hospitali inayotibu saratani, na pitieni dirisha la bima na ofisi ya ustawi wa jamii kabla ya kugusa shamba.

Sasa chukueni karatasi ya majibu ya kinyama. Juu yake kuna namba ya maabara, mara nyingi tarakimu kadhaa, mkwaju, kisha mwaka. Hiyo ndiyo namba ya kipande cha nta cha dada. Kama mstari wa HER2 haupo, kipimo kinaweza kufanywa kwenye nta hiyohiyo bila kumchoma tena. Piga simu maabara hiyo, taja namba, ulizeni gharama ya HER2 na siku za kusubiri. Mkishapata, niandikieni, kabla hamjakaa na mnunuzi.